Mkono Unaotetemeka: Saa Inayopima na Daftari la Nyumbani



Mzee mmoja wa huku kwetu Msamala aliletwa kliniki na mkewe, saa tatu asubuhi. Alikuwa ametumia dawa za ugonjwa wa Parkinson kwa miaka minne. Alitembea mwenyewe kutoka getini, akanisalimu, akaketi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umetulia juu ya goti. Nikaandika katika kadi yake: "Anaendelea vizuri." Mkewe akanitazama, akasema, "Mwanangu, huyu siye ninayeishi naye. Njoo nyumbani saa kumi jioni umwone." Sikwenda. Benchi lilikuwa limejaa wagonjwa, nami niliamini macho yangu. Baada ya wiki mbili mzee alianguka jioni akienda chooni, akavunjika mkono wa kushoto.

Neno la yule mama ndilo linalonifanya niandike mwezi huu. Malaria ya asubuhi ni malaria ya jioni pia, na kipimo cha damu huionyesha. Parkinson haiko hivyo. Mgonjwa huyohuyo aweza kutembea vizuri saa tatu, na saa nane akashindwa kuinuka kitini. Sisi wa hospitali twamwona kwa dakika kumi, labda mara moja kwa miezi mitatu. Saa zote zilizobaki anaonwa na nyinyi mlio nyumbani.

Ugonjwa wenyewe

Daktari Mwingereza James Parkinson aliueleza ugonjwa huu katika kitabu kidogo alichokitoa London mwaka 1817. Ndani kabisa ya ubongo kuna chembechembe zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo husaidia mwili kutenda kwa ulaini. Chembechembe hizo zikifa polepole, mwili hupoteza kasi. Mgonjwa hutetemeka mkono ukiwa umepumzika. Viungo hukakamaa. Hatua huwa fupi za kuburuza, mwandiko huwa mdogo, sauti hushuka, na uso hukosa tabasamu hata moyo ukiwa umefurahi. Wengine huacha kusikia harufu ya chakula miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka. Kutetemeka si lazima. Wako wagonjwa wasiotetemeka kabisa, nao ndio hukawia zaidi kutambuliwa.

Wengi wetu tunakumbuka Septemba 1990, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alipofika hapa Songea. Miaka iliyofuata tuliona katika picha na luninga mkono wake wa kushoto ukitetemeka, mgongo ukiinama, maneno yakitoka kwa shida. Mwaka 2003 ilikubaliwa wazi huko Vatikani kwamba alikuwa na Parkinson, na alifariki tarehe 2 Aprili 2005. Namtaja kwa sababu bado nasikia watu wakisema kwamba mzee anayetetemeka amerogwa, au amelaaniwa na ukoo, au alikuwa mlevi. Ugonjwa huu hauambukizi. Wala hauji kwa sababu ya dhambi ya mtu.

Msidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000, na matokeo yakatolewa mwaka 2008. Walikuta wagonjwa 33. Zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huu. Waliishi nao tu, wakiuita uzee.

Saa inayoandika yenyewe

Katika nchi tajiri, tatizo la yule mama limetafutiwa dawa ya namna yake. Wametengeneza vifaa vidogo vya kuvaa, vingine mkononi kama saa, vingine kiunoni kwenye mkanda. Ndani yake mna kihisi, yaani kijidude kinachohisi mwendo. Ukitaka kujua kinavyofanya kazi, chukua simu janja ya kijana wako, fungua picha, kisha uilaze simu ubavu. Picha nayo hugeuka. Kihisi cha namna hiyohiyo ndicho kilichomo katika saa ya mgonjwa, ila hicho hupima mara nyingi kila sekunde, mchana na usiku.

Mtetemeko wa Parkinson kwa kawaida huenda na kurudi mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Mkono unaoshika kikombe au kupunga hewani hauendi hivyo. Kompyuta husoma yaliyoandikwa na saa na kutenganisha: hapa mgonjwa alitetemeka, hapa alikuwa mzito wa kutenda, hapa mwili ulicheza-cheza kupita kiasi, hapa alilala. Kifaa kimoja cha aina hiyo, Personal KinetiGraph, kilibuniwa Melbourne, Australia. Mgonjwa hukivaa kwa siku sita hivi. Saa ya dawa ikifika kifaa humtikisa mkono kidogo, naye akishameza hukigusa, hivyo daktari anaona saa aliyokunywa dawa na kilichofuata. Mwezi Januari 2023 taasisi ya Uingereza inayoshauri juu ya matibabu, iitwayo NICE, ilikubali vifaa vitano vya namna hii vitumike huko, huku ushahidi zaidi ukiendelea kukusanywa.

Ni kazi nzuri, lakini msikae kusubiri mashine. Kifaa hiki nacho hudanganyika. Mtu akipiga mswaki, mkono wake wafanana na unaotetemeka. Tena kilichovaliwa mkono wa kulia hakijui habari za mkono wa kushoto. Hakioni kwamba mgonjwa hajapata choo siku tano, kwamba analia usiku, kwamba anaona watu wasiokuwepo chumbani, kwamba mate yanamtoka mbele ya wageni naye ameacha kwenda jumuiya kwa aibu. Hayo huonwa na mtu. Na kabla ya saa hizi kubuniwa, madaktari walikuwa wakiwapa wagonjwa karatasi ya kujaza, nayo bado hutumika hata katika utafiti mkubwa. Karatasi hiyo twaweza kuichora wenyewe.

Daftari la nyumbani

Chukua daftari la shule la kawaida. Siku tatu kabla ya kliniki, gawa ukurasa kwa saa, kuanzia mgonjwa anapoamka mpaka anapolala. Karatasi ya madaktari hugawanywa kwa nusu saa. Ukishindwa, andika kila saa moja. Katika kila mstari weka herufi moja tu. L, amelala. M, ni mzito, dawa haijashika au imekwisha nguvu. V, ni vizuri, anatembea na kutenda. C, mwili unacheza wenyewe. Kisha andika saa aliyomeza dawa na saa aliyokula, na alichokula. Akianguka, andika saa na mahali.

Afadhali aandike mtu mmoja, na aandike wakati uleule. Nimeletewa madaftari yaliyojazwa yote kwenye basi la kuja kliniki, kalamu moja, mwandiko mmoja, V kila mahali. Hayo hayanisaidii. Mjukuu wa darasa la tano anayejua kusoma saa hufanya kazi hii vizuri kuliko watu wazima, kwa kuwa haoni aibu kuandika M.

Herufi C ndiyo inayohitaji jicho. Mtetemeko wa ugonjwa huwa na mapigo sawasawa, kama mtu anayehesabu noti kwa vidole, na mara nyingi hutulia mkono ukinyoshwa kuchukua kitu. Kucheza kwa C hakuna mapigo: kichwa, mabega na miguu hujinyonganyonga kama mtu aliyekosa pa kukaa. Jambo hilo kwa kawaida hutoka kwenye dawa, hasa ikiwa nyingi mno kwa saa ile. Familia isiyotofautisha huja kwetu ikisema "anazidi kutetemeka, mwongezeeni dawa," na tukiongeza tunamzidishia taabu. Kama huna hakika, mpige picha ya video ya dakika moja kwa simu, kwa idhini yake, katika saa mbaya na katika saa nzuri. Daktari akiiona ataelewa zaidi kuliko kwa maelezo yetu ya nusu saa.

Kuna kipimo kingine kisicho na gharama. Weka kiti, pima mita 3, weka alama. Mgonjwa ainuke, atembee mpaka kwenye alama, ageuke, arudi, aketi. Hesabu sekunde kwa saa ya simu, mtu mwingine akiwa karibu naye asianguke. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yuko katika hatari ya kuanguka. Andika sekunde hizo daftarini, saa nzuri na saa mbaya. Tofauti ndiyo tunayoitafuta.

Juu ya dawa

Dawa kubwa ni levodopa, ambayo kwa kawaida huchanganywa na karbidopa katika kidonge kimoja. Imetumika tangu miaka ya 1960. Haiponyi, ila humrudishia dopamini iliyopungua. Miaka ya mwanzo kidonge hushika vizuri na kwa muda mrefu. Baadaye nguvu yake huisha mapema, na hapo saa ya kumeza huwa na uzito kama kidonge chenyewe. Nyama, samaki, maharage na maziwa vyaweza kuizuia isiingie vizuri mwilini. Kwa hiyo inafaa imezwe nusu saa kabla ya chakula. Vidonge vya madini ya chuma visimezwe pamoja nayo. Wala usiikatishe ghafla, hata kama fedha zimepungua. Njoo tuzungumze kabla haijaisha, maana kukatisha ghafla kwaweza kuleta homa kali na kukakamaa kwa hatari.

Mgonjwa wa Parkinson akitapika, mkumbushe anayemhudumia asimpe metoklopramidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plasil. Dawa hiyo, pamoja na haloperido inayotolewa kwa wagonjwa wa akili, huzuia dopamini. Zaweza hata kumfanya mtu asiye na Parkinson aonekane kama anayo. Ndiyo sababu naomba mje na dawa zote anazotumia mgonjwa, za hospitali na za duka, katika mfuko mmoja.

Nimeulizwa pia juu ya upupu. Ni kweli kwamba mbegu za upupu, ule unaotuwasha mashambani, zina levodopa ndani yake, na wataalamu wamezichunguza. Lakini kiasi kilichomo hakilingani mbegu kwa mbegu. Anayekoroga unga wa upupu nyumbani huku anameza vidonge vyetu hajui ametumia dawa kiasi gani, nami sijui nimpime nini. Tafadhali msifanye hivyo kwa siri.

Miguu ikigoma

Wapo ambao miguu hugoma mlangoni kana kwamba imegandishwa sakafuni. Usimvute mkono, ukimvuta ataanguka kifudifudi. Mwambie asimame, apumue, kisha mhesabie kwa sauti, moja, mbili, moja, mbili, au mpigie makofi ya mwendo. Wengine husaidiwa na mistari ya chokaa iliyochorwa sakafuni wairuke mmoja mmoja. Si mchezo wa watoto. Huko Hai wagonjwa ambao walikuwa bado hawajaanza dawa walifundishwa kutembea kwa kufuata ishara za namna hii, na katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2010 mwendo wao ulikuwa umeboreka.

Nimalizie habari ya yule mzee. Mkono ulipofungwa plasta, nilimpa mkewe daftari. Mjukuu aliandika siku tatu. Kidonge cha kwanza kilikuwa saa 1 asubuhi, na V zilifuata mpaka saa 5. Kuanzia saa 6 zikaanza M. Kidonge cha pili kilikuwa saa 8, nacho alikimeza pamoja na ugali na maharage kila siku, na M zikaendelea mpaka saa 12 jioni. Mimi nilikuwa nikimwona katika zile saa tano za heri.

Daktari alikuwa ameshashika kalamu kuongeza dawa. Aliposoma ukurasa ule akaiweka chini. Vidonge vikabaki vilevile vitatu, ila vikahamishwa: saa 1 asubuhi, saa 6 mchana, saa 11 jioni, vyote nusu saa kabla ya kula. Ziara iliyofuata niliwapangia saa kumi jioni, wakati ambao yule mama aliniambia niende. Mzee aliingia kwa fimbo, polepole, mkono ukitetemeka kidogo. Mkewe akaniwekea daftari mezani kabla sijauliza.