Wembe Unakwaruza Baada ya Kunolewa: Kosa Liko Wapi?

Katika vijiji vyetu bado wako wazee na vinyozi wanaotumia wembe wa kukunja. Wembe huo hautupwi. Ukibutuka hunolewa. Lakini mara nyingi utamsikia mtu akilalamika: "Nimeunoa asubuhi nzima, na bado unakwaruza!"

Jambo hili ni la afya. Wembe butu haukati ndevu, bali huzivuta. Mnyoaji hukandamiza mkono, na ngozi hukwanguka. Ngozi ni ukuta wa mwili. Ukuta ukitoboka, hata kwa tundu usiloliona kwa macho, vijidudu hupata mlango.

Leo tutajifunza juu ya kinoo laini, yaani jiwe la mwisho katika kazi ya kunoa.

Kwanza tujue kazi ya jiwe hili. Vinoo viko vya aina nyingi. Vile vya kiwandani huandikwa namba. Namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi. Kinoo cha namba 1000 hutengeneza makali. Kinoo cha namba 8000 huyang'arisha makali yaliyokwisha kutengenezwa. Yako pia mawe ya asili. Jiwe moja la manjano linalosifiwa sana na vinyozi huchimbwa katika milima ya Ardennes, nchini Ubelgiji. Ndani yake mna chembe ndogo mno za madini magumu, na chembe hizo ndizo zinazosugua chuma.

Basi, kosa la kwanza ni kulitaka jiwe laini lifanye kazi isiyo yake. Wembe wenye pengo, hata pengo dogo kama unene wa unywele, utausugua juu ya jiwe laini mara mia na pengo halitaondoka. Rudi kwenye jiwe la kukwaruza. Usiende kwenye jiwe laini mpaka wembe uweze kukata nywele za mkono wako kwa urefu wake wote: karibu na mpini, katikati, na nchani. Ukishindwa sehemu moja tu, bado. Watu wengi hukosea hapa, wakanunua jiwe jingine la bei kubwa bure.

Kosa la pili ni jiwe lenye bonde. Jiwe likitumika sana, katikati huliwa. Wembe hulazwa bapa, mgongo na makali yote mawili yakigusa jiwe kwa pamoja. Kama jiwe lina bonde, makali hayagusi sawasawa. Utajuaje? Paka wino wa kalamu kwenye makali. Lipitishe jiwe mara mbili tatu bila kukandamiza. Kisha tazama. Mahali wino uliposalia, hapo jiwe halikugusa.

Sasa jua ni nani mwenye kosa, jiwe au wembe. Simamisha rula juu ya jiwe, kwa ubavu wake mwembamba, ukitazama mahali penye mwanga. Ukiona mwanga ukipita chini ya rula, jiwe lina bonde. Kama hakuna mwanga, wembe wenyewe umepinda au umeliwa vibaya.

Jiwe lenye bonde hutengenezwa. Tafuta kipande cha kioo kinene. Tandika msasa wa maji juu yake, umwagie maji. Chora mistari ya penseli juu ya jiwe lote, kisha lisugue jiwe kwenye msasa. Mistari yote ikifutika, jiwe limenyooka. Halafu lioshe vizuri sana, maana punje moja ya msasa ikibaki juu ya jiwe itakwangua makali yote uliyoyatengeneza. Vivyo hivyo punje ya mchanga. Mwenye kunoa chini ya mti wakati wa upepo wa kiangazi asishangae. Ukisikia sauti ya "kwaru!" simama hapo hapo. Osha jiwe, osha wembe, osha na mikono.

Wakati mwingine jiwe huteleza kama kioo na uso wake ni mweusi. Jiwe hilo limezibwa na chembe za chuma. Lisugue kwa kipande kidogo cha jiwe la aina hiyo hiyo, kisha lisuuze.

Kusugua huku hutoa tope jembamba. Tope husaidia mwanzoni mwa kazi. Mwishoni hudhuru, kwa sababu makali hupita ndani yake kama jembe katika kokoto. Kwa hiyo suuza tope lote, na umalizie kwa maji safi peke yake.

Lakini kosa kubwa kuliko yote ni nguvu za mkono. Makali ya wembe ni membamba mno. Ukiyakandamiza hupinda, na hufanya uzi mwembamba wa chuma ukingoni. Wembe wa namna hii hudanganya. Shavu la kwanza unakata vizuri sana. Shavu la pili uzi umekatika, na wembe unauma. Dawa yake ni kurudi jiwe moja nyuma, kisha kupitisha wembe kwa uzito wake wenyewe, upande huu mara moja na upande wa pili mara moja. Juu ya jiwe makali hutangulia. Juu ya ukanda wa ngozi mgongo hutangulia. Ukigeuza wembe, ugeuze kwa mgongo, usiuzungushe juu ya makali.

Sasa tuje kwenye damu. Wembe mkali si wembe safi. Kunoa hakuui vijidudu. Homa ya ini ya aina B hukaa katika damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi, ikiwa bado inaweza kumwambukiza mtu. Ugonjwa wa UKIMWI uligunduliwa katika nchi yetu mwaka 1983, mkoani Kagera, na tangu hapo tumefundishwa kutochangia nyembe. Pepopunda nayo huingia kwa kidonda. Wengi husema inaletwa na kutu. Si kutu. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na samadi, na wembe ulioanguka chini huweza kuvibeba hata kama unang'aa.

Wembe uliogusa damu uoshwe kwanza kwa maji na sabuni. Kisha uloweke kwa dakika 10 katika dawa ya klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 5, kikombe 1 kwa maji vikombe 9. Halafu suuza, kausha, paka mafuta kidogo, kwa sababu klorini hula chuma. Usiupeleke kwenye kinoo wala kwenye ukanda kabla ya hapo. Ukanda wa ngozi hauchemshwi wala hauloweki. Damu ikiingia humo, imeingia.

Kwa sababu hiyo sisi tunasema waziwazi: wembe wa kukunja ni wa mtu mmoja, nyumbani kwake. Baba asimwazime hata mwanawe. Kinyozi wa watu wengi atumie mpini unaoshika wembe mpya, na kila mteja afunguliwe wembe wake mbele ya macho yake. Wewe mteja una haki ya kuuliza. Wala usimwonee haya kinyozi kwa kuwa ni jirani.

Wako pia watu ambao ndevu zao hujikunja na kuingia tena ndani ya ngozi, zikaleta vipele vyenye usaha. Hao wembe mkali mno hauwafai. Wapunguze ndevu kwa mkasi, waache kidogo zionekane.

Nyembe zilizokwisha tumika zisitupwe jalalani, watoto hucheza huko. Ziweke katika kopo lenye kifuniko. Likijaa, litumbukize katika choo cha shimo.