Wilson au Embakasi? Maswali ya Wasafiri wa Mau Narok

Nairobi ina viwanja viwili vya ndege vinavyobeba abiria kila siku: Jomo Kenyatta kule Embakasi, na Wilson kando ya Barabara ya Lang'ata. Anayeishi South B anaweza kukosea uwanja na bado akaiwahi ndege. Mtu wa Mau Narok, ambaye lazima ateremke Likia na Njoro kabla hata hajaifikia barabara kuu ya Nakuru, hana nafasi hiyo. Mimi ni mzaliwa wa huko juu, na kazi yangu ni kukata tiketi mjini Nakuru. Wateja wangu ni wakulima wa viazi na ngano, wazazi wa wanafunzi, na vijana wanaokwenda kufanya kazi Ghuba. Haya ndiyo wanayoniuliza mara kwa mara.

Tiketi yangu imeandikwa Nairobi tu. Nitajuaje ni uwanja upi?

Tafuta herufi tatu kubwa karibu na jina la mji. NBO ni Jomo Kenyatta, WIL ni Wilson. Ukikosa herufi hizo, piga simu kwa aliyekuuzia tiketi kabla hujafunga begi, na usiridhike na jibu la "ni pale airport". Hata dereva wa teksi atakupeleka Embakasi asipoambiwa vingine, kwa sababu ndiko wengi waendako.

Viwanja hivi vina umri na kazi tofauti. Wilson ndio mkongwe: una jina la Florence Kerr Wilson, aliyeunda kampuni yake ya ndege, Wilson Airways, mwaka 1929, na hadi leo ni uwanja wa ndege ndogo na za wastani. Ndege kubwa za ng'ambo zilikuwa zikitua Eastleigh, hadi uwanja wa Embakasi ulipofunguliwa mwaka 1958. Ule ulijengwa kwa jasho la wafungwa na watu waliotiwa vizuizini wakati wa Hali ya Hatari, jambo ambalo kila anayepita pale angepaswa kulijua. Majengo mapya yalifunguliwa mwaka 1978 na uwanja ukapewa jina la Jomo Kenyatta. Njia yake ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita 4. Nairobi iko juu na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo ndege nzito iliyojaa mafuta huhitaji nafasi ndefu ili iweze kunyanyuka. Basi ukisikia London, Dubai, Guangzhou au New York, huna uchaguzi: ni Embakasi.

Nina biashara Lodwar, na mwaka huu nataka kuipeleka familia Diani. Kuna faida gani kutumia Wilson?

Kwa safari za ndani, hapo ndipo uchaguzi ulipo. Kampuni kama Safarilink, AirKenya na Skyward huruka kutoka Wilson kwenda kwenye viwanja vidogo vya pwani, kaskazini na mbugani. Uwanja uko karibu na katikati ya jiji, foleni za ukaguzi ni fupi, na kutoka mlangoni hadi kwenye ndege ni hatua chache.

Kuna mambo mawili wageni wa Wilson hawaambiwi. Kwanza, si jengo moja. Kampuni nyingi zina majengo yao na malango yao, kwa hiyo mwambie dereva jina la kampuni, si jina la uwanja peke yake. Nimeona mzee akihangaika na mabegi kutoka lango moja hadi lingine huku ndege yake ikiwasha injini. Pili, ndege zake nyingi huruka mchana, kwa kuwa viwanja vingi vya mbugani havina taa. Ndege ya asubuhi na mapema maana yake ni kulala Nairobi. Ukijumlisha gharama ya chumba na chakula, ile tiketi uliyoiona nafuu huenda isiwe nafuu tena.

Na kama unakwenda Maasai Mara, nakuomba utazame ramani. Kutoka Mau Narok unashuka Narok kwa barabara na unaikuta Mara mbele yako. Kwenda Nairobi ili urudishwe huko kwa ndege ni kuzunguka bure.

Binti yangu anakwenda Riyadh. Ndege ni saa nne na nusu usiku. Tutoke nyumbani saa ngapi?

Mama, tuhesabu kwa kurudi nyuma. Safari ya nje inataka msafiri awe uwanjani saa 3 kabla, yaani saa moja na nusu jioni. Kuvuka Nairobi jioni, watu wanapotoka kazini, weka saa 2. Nakuru hadi Nairobi ni takriban kilomita 160. Weka saa 3 au 4, maana lori moja likilala kwenye mteremko, msururu unaweza kufika mbali. Mau Narok hadi Nakuru weka saa moja na nusu. Ongeza muda wa kusubiri matatu ijae stejini. Hesabu hiyo inafika kama saa sita mchana kabla ya kusubiri; mimi nasema mtoke saa tatu asubuhi. Watu huniona mwoga, lakini afadhali binti akae uwanjani akila chakula alichopikiwa nyumbani kuliko kumpoteza mwajiri na nauli kwa siku moja.

Mkiwa na gari lenu, mkifika Gitaru msiendelee kuingia jijini. Ingieni Southern Bypass. Barabara hiyo ina urefu wa karibu kilomita 29, inapita kando ya jiji, inakutana na Barabara ya Lang'ata karibu na Wilson, kisha inaishia Barabara ya Mombasa, ambako mnageuka kwenda Embakasi. Mtu wa Nakuru anahudumiwa na njia hiyo moja kwa viwanja vyote viwili. Njia nyingine ni ile ya juu ya kulipia, Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022. Inaanzia Westlands na ina mlango wa kutokea Jomo Kenyatta. Wakati wa foleni, pesa hiyo haipotei bure. Mkitumia matatu mtashushwa katikati ya mji, na kutoka hapo mtachukua teksi au matatu namba 34. Mtu mwenye mabegi makubwa achukue teksi.

Kati ya Naivasha na Rironi mna njia mbili. Ya juu, inayopita Kinungi na Kimende, hufunikwa na ukungu alfajiri kiasi kwamba dereva haoni taa za gari la mbele. Ya chini inapita Maai Mahiu, na hiyo ndiyo ya malori. Mwisho wa Aprili 2024 maji yaliporomoka huko usiku yakaua makumi ya watu na kuharibu barabara. Wanaopendelea kushukia Narok na kupita Suswa nao wakumbuke Machi 2018, ardhi ilipopasuka na kuikata barabara ya Maai Mahiu na Narok. Msimu wa masika mimi huwaambia wateja wangu wasafiri siku moja kabla, na kwa hilo sibembelezi.

Jambo la mwisho, mama. Soma tarehe vizuri. Tiketi ikisema 0045 tarehe 14, ndege inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 14. Tarehe 13 jioni mnapaswa kuwa mko Embakasi. Wapo waliofika jioni ya tarehe 14 na begi mkononi, ndege ikiwa imeshaondoka karibu siku nzima.

Je, si afadhali nipandie Eldoret?

Swali zuri, kwa sababu Nakuru iko karibu nusu njia: Eldoret nako ni takriban kilomita 155. Uwanja wa Eldoret ulifunguliwa mwaka 1997, una njia ndefu, na hutumiwa sana na ndege za mizigo. Lakini abiria anayepandia pale kwa kawaida anapelekwa Nairobi kwanza. Utakuwa umepanda hadi Timboroa, ukapita Eldoret, kisha ukarukishwa juu ya Nakuru uliyoiacha asubuhi. Eldoret inamfaa aliye na shughuli huko juu, au ambaye barabara ya Nairobi imemfungia.

Ukiamua hivyo, angalia ndege inatua wapi. Jambojet kutoka Eldoret hutua Jomo Kenyatta, lakini Skyward kwa kawaida hutua Wilson. Safari ni ile ile, mwisho wake si mmoja.

Nikitua Wilson halafu nina ndege nyingine Embakasi, nahitaji muda gani?

Kwangu mimi, saa 5 au 6 kati ya kutua na kuruka tena, kama ya pili ni ya kwenda nje. Kati ya viwanja hivi hakuna treni wala basi la abiria wa ndege. Unachukua begi lako, unatafuta teksi, unaingia kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa pamoja na kila mtu mwingine.

Lililo zito zaidi ni tiketi. Kama ulinunua tiketi mbili mbalimbali, kampuni ya pili haina wajibu wowote kwako ile ya kwanza ikichelewa. Ukiwa na tiketi moja iliyounganisha safari zote, wao ndio wa kukutafutia ndege nyingine. Tofauti ya shilingi elfu chache ndiyo inayowaponza watu hapa. Kwa safari ya nje nakata tiketi moja, uwanja mmoja, na ninamweleza mteja sababu.

Mwanangu amepata chuo London. Huko nako wanasema viwanja ni vingi.

London ina Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton na vingine. Ndege nyingi za moja kwa moja za Kenya Airways na British Airways kutoka Nairobi hutua Heathrow. Hatari iko kwenye tiketi rahisi za kuunganisha, zile zinazokushusha Heathrow halafu zikataka uondokee Gatwick. Kubadilisha uwanja ni kuingia nchini: unapita uhamiaji, unachukua mzigo, unatoka nje. Mwenye pasipoti ya Kenya bila viza inayomruhusu kufanya hivyo anaweza kuzuiwa hata kupanda ndege hapa Nairobi.

Istanbul ni hivyo hivyo: uwanja mkubwa uko upande wa Ulaya, Sabiha Gökçen uko upande wa Asia, na kati yao kuna mkondo wa bahari na jiji lenye msongamano. New York ina JFK na LaGuardia, na Newark iko jimbo jirani la New Jersey. Kwa vijana wa Ghuba, chungeni Sharjah. Air Arabia hutua huko, na wengine huuziwa tiketi wakiambiwa ni Dubai. Si mbali kwa teksi, lakini kama mwajiri anakungoja uwanja wa Dubai na wewe uko Sharjah, simu yako haina laini ya huko, na ni usiku, hapo ndipo kijana wa kwanza kusafiri anapoangukia mikononi mwa wasiomtakia mema. Wakala wa ajira akikuletea tiketi asubuhi ya safari, kataa kuondoka hadi uzione zile herufi tatu za kila mji unaopitia. DXB ni Dubai, SHJ ni Sharjah.

Nabeba kilo ngapi?

Ndege ndogo za Wilson zinazokwenda mbugani hukubali kilo 15 kwa jumla, mkoba wa mkononi ukiwemo, na hutaka begi laini lisilo na fremu ngumu. Gunia la viazi litarudi nyumbani.

Lanet je? Tumeahidiwa uwanja Nakuru.

Lanet kuna kambi ya jeshi, na mipango ya kuupanua uwanja wake uhudumie abiria imezungumzwa kwa miaka. Ningefurahi kuliko mtu yeyote, lakini tiketi hukatwa kwa ndege zinazoruka. Ninyi pangeni safari kwa Nairobi.

Ukoo wote unataka kumsindikiza. Tutafika wapi?

Jomo Kenyatta kuna ukaguzi barabarani kabla ya kuyafikia majengo: abiria wote hushuka na kupita kwa miguu, dereva hubaki na gari, kisha mnapanda tena. Mkiwa matatu mzima wa kukodi, hilo peke yake huchukua muda, hasa kukiwa na wazee. Ndani ya jengo la kuondokea huingia mwenye tiketi tu. Basi ombeni na kulia mkiwa nyumbani au kwenye maegesho, na mjue jengo lenu mapema. Kenya Airways na washirika wake kama KLM na Air France ni 1A; mashirika mengine mengi ya nje ni 1B na 1C; safari za ndani ni 1D; na jengo la 2 liko mbali na hayo mengine. Mwacheni aingie saa 3 kabla, hata kama shangazi hajamaliza kuagiza.