Picha Isiyofunguka: Somo kwa Kamati za Sharika na Wafadhili



Katika toleo hili tunajifunza jambo linaloonekana dogo, lakini nusura lituvunjie uaminifu.

Tangi la maji lilipokamilika katika usharika wetu mmoja hapa uwanda wa Ufipa, tuliweka picha za kazi kwenye tovuti ya mradi. Katibu wa kamati aliifungua kwenye kompyuta ya zamani ya usharika. Maneno yalisomeka, lakini mahali pa picha palikuwa na visanduku vitupu. Kamati ilinung'unika: wananchi wamechimba mtaro kwa nguvu zao, mbona kazi yao imefichwa? Wiki hiyo hiyo mfadhili aliyeko Ujerumani, anayetumia iPad ya siku nyingi, aliuliza kama tangi limejengwa kweli.

Picha zilikuwepo. Tatizo lilikuwa umbizo, yaani namna faili la picha lilivyohifadhiwa.

Chanzo cha tatizo

JPEG ilianza mwaka 1992, na karibu kila kifaa huisoma. Mwaka 2010 Google ilitoa umbizo jipya la WebP. Kwa vipimo vya Google yenyewe, faili lake huwa dogo kwa asilimia 25 hadi 34 kuliko JPEG ya ubora uleule. Kwa sisi tunaonunua bando, hiyo ni nafuu kubwa, ndiyo maana tuliichagua. Lakini kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, hakiwezi kusoma umbizo kisilofundishwa. Firefox ilianza kusoma WebP Januari 2019, na Safari ya Apple Septemba 2020. Internet Explorer haikuisoma kamwe.

Tulichofanya

Sasa kila picha tunaiweka kwa WebP na kwa JPEG. Kivinjari kinachoijua WebP huchukua hiyo nyepesi. Kisichoijua hupewa JPEG. Mfadhili yule ameliona tangi, na kamati imeuona mtaro wake.

Mambo ya kuzingatia

1. Picha za taarifa zitumwe kwa JPEG. Tangu mwaka 2017 simu nyingi za iPhone huhifadhi picha kwa HEIC, ambayo kompyuta nyingi za zamani haziifungui. Mwenye simu hiyo abadilishe umbizo kwenye mipangilio ya kamera.

2. Kubadili herufi za mwisho wa jina la faili hakubadili picha. Ni sawa na kuandika "mahindi" juu ya gunia la maharage. Ifungueni kwa programu ya picha, kisha ihifadhiwe upya kama JPEG.

3. Kabla ya kutangaza ukurasa, ufunguliwe kwanza kwenye kifaa kikongwe kuliko vyote mlivyo navyo.

Swali la kujadili: Taarifa yenu ya mwisho, je, aliyetumiwa aliziona picha? Nani alimwuliza?