UFAHAMU NA UFUPISHO: BAADA YA KIPENGA CHA MWISHO

Soma kifungu kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Chukulia wewe ni mchezaji wa timu ya shule huku Lulindi. Umecheza UMISSETA ngazi ya wilaya, ukafika ngazi ya mkoa, na jina lako linajulikana Masasi hadi Newala. Mwezi Novemba unamaliza mtihani wa mwisho, unarudi nyumbani kuokota korosho. Hakuna mwalimu wa kukuamsha alfajiri kwa mazoezi, hakuna wenzako wa kukimbia nao, wala hakuna wa kukupigia makofi. Hicho ndicho kipenga cha mwisho, nacho huwakuta wengi hawajajiandaa.

Mwanamichezo wa shule au chuo anapoacha mashindano hupoteza mambo matatu kwa mpigo. Kwanza, ratiba ya mwili: mazoezi yakikoma na sahani ikabaki ileile, uzito huongezeka. Pili, wenzake aliocheka na kulia nao kila siku. Tatu, jina: aliyezoea kuitwa "straika" hajui tena ajiite nani. Huzuni ikiingia hapo, wengine hukimbilia pombe. Huzuni hiyo si uvivu wala udhaifu. Ni pengo, na pengo huzibwa.

Tazama waliotangulia. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Alipoacha mbio, alianzisha shule. Suleiman Nyambui alikimbia huku akisoma katika chuo kikuu huko El Paso, Marekani, akapata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Baadaye akawa kocha. Mbio ziliwapa sifa, lakini hawakuishi kwa sifa peke yake.

Nawe anza sasa. Usiache mazoezi ghafla, yapunguze taratibu. Wafundishe mpira wadogo zako wa mtaani. Shika masomo au ufundi kabla miguu haijachoka. Ukilemewa, mweleze mtu mzima unayemwamini.

MASWALI
(a) Eleza maana ya "kipenga cha mwisho" kama ilivyotumika.
(b) Taja mambo matatu anayopoteza mwanamichezo anapoacha mashindano.
(c) Kwa nini mwandishi anasema huzuni hiyo "ni pengo"?
(d) Bayi na Nyambui wanafanana katika jambo gani?
(e) Fupisha aya ya pili kwa maneno yasiyozidi 30.

DOKEZO
Katika (a), usijibu "filimbi ya refa". Hiyo ni maana ya kawaida, nawe umeulizwa maana ya kifungu. Katika (d), medali na rekodi hazitoshi: tazama walichofanya baada ya mbio. Katika (e), tumia maneno yako mwenyewe na uache mifano.