Dhamana ya Zana za Mkono: Namna ya Kudai Zana Mbadala

Fundi anayevunjikiwa na spana asubuhi huwa na wazo moja tu: kazi ya mteja iishe kabla ya jioni. Huipeleka spana kwa mchomeleaji, ikaungwa, akaendelea na kazi. Uamuzi huo unaeleweka, lakini mara nyingi ndio unaompotezea haki yake, kwa sababu zana iliyochomelewa haiwezi tena kuonyesha ilivunjika kwa nini. Somo hili linamweleza mlaji ni wakati gani anastahili kupewa zana nyingine, na ushahidi gani autunze ili dai lake lisikataliwe.

Dhamana za aina mbili

Dhamana ya kwanza ni ile iliyoandikwa na mtengenezaji au muuzaji, ambayo wengi huiita waranti. Hii ni ahadi ya hiari, na mipaka yake ni ile iliyotajwa kwenye kadi, kifungashio au risiti.

Dhamana ya pili hutolewa na sheria, hata kama hakuna kadi yoyote. Kwa Tanzania Bara, msingi wake umo katika Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na katika Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Muuzaji ambaye biashara yake ni kuuza zana anawajibika kumpa mnunuzi zana yenye ubora unaostahili. Aidha, iwapo mnunuzi amemweleza kazi anayokusudia kuifanya, na akategemea ujuzi wa muuzaji katika kuchagua, zana hiyo inapaswa kuifaa kazi hiyo.

Kwa hiyo, maandishi yasemayo “Mali ikishauzwa hairudishwi” yasikukatishe tamaa. Yanaweza kumsaidia muuzaji pale ambapo mnunuzi amebadili mawazo tu. Hayamwondolei wajibu wake pale ambapo bidhaa ina kasoro.

Kasoro, uchakavu na matumizi mabaya

Dai lolote la dhamana huamuliwa na swali moja: zana imeharibika kwa sababu gani?

Uchakavu wa kawaida haulipwi. Tupa huisha meno, bledi ya msumeno hupoteza makali, na kichwa cha tindo huchanua kwa kugongwa. Vitu hivi vimetengenezwa ili vitumike na kuisha.

Matumizi mabaya hayalipwi pia. Bisibisi iliyotumiwa kama patasi, au spana iliyorefushwa mpini kwa kipande cha bomba ili kufungua nati iliyoganda, imebebeshwa mzigo usiokuwa wake. Dalili zake huonekana: chuma hupinda au kujisokota kabla ya kukatika, na mpini hubaki na alama za bomba. Chuma kilichopata moto mkali katika kunolewa kwa mashine huweza kugeuka rangi ya buluu, na hapo ugumu wake huwa umepungua.

Kasoro ya utengenezaji ndiyo inayolipwa. Tazama mahali palipovunjika. Vishimo vidogo vya hewa ndani ya chuma ni dalili ya uyeyushaji au umiminaji mbaya. Sehemu moja ikiwa nyeusi au yenye kutu na nyingine ikiwa inang’aa, ufa ulikuwepo kabla ya siku ya kuvunjika. Katika zana mpya hiyo ni hoja nzito. Nyundo ambayo kichwa chake kinachomoka siku chache baada ya kununuliwa, au racheti inayoteleza ingawa haijawahi kulazimishwa, nazo zastahili kudaiwa.

Hatua za kufuata

1. Kagua kabla ya kulipa. Sheria haimlindi mnunuzi aliyeikagua bidhaa dhidi ya kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua.

2. Dai risiti ya EFD, na uombe jina na aina ya zana viandikwe. Risiti yenye neno “vifaa” pekee haithibitishi kitu. Maandishi ya baadhi ya risiti hufifia. Ipige picha siku hiyohiyo.

3. Zana ikivunjika, acha kuitumia. Usiichomelee, usiinoe, usiipake rangi. Kusanya vipande vyote na uvipige picha. Kama kazi haiwezi kusubiri, azima nyingine.

4. Rudi dukani mapema. Mnunuzi anayekaa na bidhaa kwa muda mrefu bila kutoa taarifa huweza kuhesabiwa kuwa ameikubali.

5. Eleza kwa maandishi: ulinunua lini, ulikuwa ukifanya kazi gani, zana imevunjika wapi, na unataka nini: kubadilishiwa, kutengenezewa au kurejeshewa fedha. Ukiiacha zana dukani, omba hati ya kuipokea.

Tahadhari

“Dhamana ya maisha” haimaanishi maisha ya mnunuzi. Mara nyingi ni muda ambao zana hiyo hutazamiwa kudumu katika matumizi ya kawaida. Baadhi ya dhamana humhusu mnunuzi wa kwanza tu, au hutumika katika nchi ilikonunuliwa pekee. Anayeletewa zana na ndugu aliye ughaibuni aulize jambo hili mapema.

Zana bandia haina dhamana ya mtengenezaji ambaye jina lake limeibwa. Hata hivyo, aliyekuuzia haepuki wajibu wake, na kuuza bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Muuzaji akikataa

Mwombe akupe sababu za kukataa kwa maandishi. Kisha wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani, FCC, ukiambatisha nakala ya risiti, picha na barua yako. Baki na risiti halisi pamoja na vipande vya zana. Kwa zana isiyokidhi viwango, toa taarifa pia kwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Nyundo inayochomoka mpini hupoteza fedha za mnunuzi mmoja, lakini inaweza kumjeruhi yeyote aliye karibu. Taarifa yako huwakinga na wengine.

Maswali ya kujipima

1. Risiti zako za zana ziko wapi, na je, bado zinasomeka?
2. Tindo lililochanua kichwa na tindo lililopasuka katikati siku ya pili: lipi linastahili kudaiwa, na kwa nini?
3. Kwa nini zana iliyovunjika haifai kuchomelewa kabla ya dai kusikilizwa?