Kiyeyushi cha dobi kinavyofika kisimani

Swali: Maji machafu ya dobi anayesafisha suti kwa kemikali yakiingia kwenye bomba la maji taka, yanaweza kuharibu maji ya kisima?

Ndiyo, yanaweza. Perkloroethilini, kemikali ya dobi huyo, ni kiyeyushi kinachotoa mafuta na madoa kwenye nguo bila kuzilowesha kwa maji. Haina rangi, hugeuka mvuke kwa urahisi, na ina uzito wa zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa maji. Ndiyo maana haielei kama petroli. Huzama mpaka kwenye kina ambako visima virefu huchota.

Mwaka 1984 kemikali hiyo ilikutwa katika kisima cha maji ya umma mjini Modesto, California. Kwa mazoea, wachunguzi wa uchafuzi wa namna hiyo walitafuta tangi linalovuja au pipa lililomwagwa uani. Ripoti iliyotolewa mwaka 1992 na bodi ya ubora wa maji ya Bonde la Kati la jimbo hilo ilielekeza macho kwingine: kwenye bomba la maji taka lenyewe.

Mashine ya dobi hutenganisha kiyeyushi na maji, na maji hayo yalikuwa yakimwagwa bila wasiwasi kwa kuwa yalionekana safi. Kumbe maji yaliyoshiba perkloroethilini hubeba takriban miligramu 150 katika kila lita. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Marekani katika maji ya kunywa ni mikrogramu 5 kwa lita, kwa hiyo maji hayo "safi" yalizidi kiwango mara 30,000. Bomba nalo huvuja kuliko wengi wanavyodhani. Maungio hulegea, mizizi hupenya, na pale lilipobonyea kiyeyushi hutuama. Mvuke wake hupita hata pasipopita maji.

Uchunguzi huanza kwenye chemba. Hewa na tope la bomba hupimwa upande wa juu na wa chini wa mtiririko, kabla na baada ya jengo linaloshukiwa. Kemikali ikionekana upande wa chini tu, chanzo kimekaribia. Kamera huingizwa bombani kutafuta nyufa, na vijishimo vyembamba huchimbwa kando ya njia yake ili kunyonya hewa ya udongo. Visima vya uchunguzi, visivyopungua vitatu, huonyesha maji ya ardhini yanaelekea wapi. Sampuli hujazwa pomoni kwenye chupa za kioo, kwani hata kiputo cha hewa huiba kemikali na kudanganya maabara.

Kwa afya, mvuke mwingi huleta kizunguzungu na maumivu ya kichwa. Kuathiriwa kwa muda mrefu huweza kudhuru ini, figo na mfumo wa neva, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, huihesabu perkloroethilini kuwa yaelekea inasababisha saratani kwa binadamu. Mvuke huo huweza pia kupanda ndani ya nyumba kupitia bomba la choo au sinki ambalo maji ya kiwiko chake yamekauka.

Kipimo cha kawaida cha vijidudu au chumvi hakiwezi kuigundua kemikali hii majini, hivyo maabara lazima iombwe kupima viyeyushi hasa. Kuchemsha si tiba: kemikali huhama kutoka sufuriani na kuingia katika hewa ya jikoni. Chujio la mkaa maalumu huinasa, mradi mkaa ubadilishwe kabla haujashiba.