Taabu za Matibabu ya Saratani ya Mlango wa Kizazi

Mwezi huu twajifunza jambo lililo zito kwa akina mama wengi. Wako waanzao matibabu ya saratani ya mlango wa kizazi, kisha huyaacha katikati kwa kuziogopa taabu zake. Basi yafaa tuzijue, ipi ni ya kuvumiliwa, na ipi ni ya kuambiwa daktari upesi.

1. Matibabu yenyewe. Ugonjwa ukiisha kuenea hata kisu hakitoshi, mgonjwa hupewa mionzi pamoja na dawa. Mionzi hupigwa chini ya tumbo siku 5 kwa juma, majuma kama 5; kisha mingine huwekwa kwa ndani, karibu na uvimbe. Dawa, mara nyingi sisplatini, hutiwa mshipani kila juma. Mwaka 1999, baada ya majaribio makubwa 5, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwashauri madaktari wavitumie viwili hivi pamoja, maana huokoa wengi kuliko mionzi peke yake. Lakini hugusa na chembe zilizo nzima, na hapo ndipo zitokapo taabu.

2. Taabu za dawa. Ni kichefuchefu, kutapika, uchovu na kupungukiwa na damu. Dawa huweza kudhuru mafigo; kwa hiyo mgonjwa hutiwa maji mengi mshipani, na damu yake hupimwa. Masikio yakivuma, au vidole vikifa ganzi, na aseme. Akipata homa aende hospitali siku ile ile, maana nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa imepungua.

3. Taabu za mionzi. Ni kuhara, mkojo kuchoma, na ngozi kuchubuka. Nyingi hupoa majuma machache baada ya matibabu kwisha. Nyingine hukaa, au huja baada ya miezi au miaka: damu katika choo au mkojo, uke kukauka na kusinyaa, hedhi kukoma, na kutozaa tena. Mume naye na aelezwe haya mapema, asije akamlaumu mkewe kwa lisilo kosa lake. Tena, wasemao kwamba mgonjwa aliyepigwa mionzi kutoka nje huwadhuru wa nyumbani mwake hawasemi kweli. Mtoto wake na apakatwe.

4. Wajibu wetu. Matibabu yote yapasa kumalizika katika majuma 8, maana yakicheleweshwa, tumaini la kupona hupungua. Nao watokao mbali kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, hushindwa mara nyingi kwa nauli na malazi, wala si kwa maumivu. Basi tusiishie kumpa pole; tuulize ni nani atakayelima shamba lake, na nani atakayewapikia watoto.

Maswali ya kuzungumza:
Kwa nini dawa na mionzi hutolewa pamoja?
Ni dalili gani isiyongoja kesho?
Mgonjwa wa jirani yetu amepungukiwa na nini ili amalize majuma yake?